Boksi Jepesi Ndilo Lililonilaza

Nina miaka 13 ya kazi ya stoo, na mgongo ulinikamata nikitoa kiboksi cha kilo 10. Kilikuwa nyuma ya ngazi, nikakifuata kwa kunyoosha mikono badala ya kusogeza ngazi. Nililala siku nne.

Kinachoumiza ni umbali kuliko uzito. Misuli inayoshika mgongo imekaa karibu mno na uti, kama sentimita 5 hivi. Mzigo wa kilo 10 ukiwa sentimita 40 mbele ya uti, misuli hiyo huvuta kwa nguvu ya kama kilo 80, na hapo kiwiliwili chenyewe hatujakihesabu. Mwaka 1991 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilirekebisha kanuni yake ya kunyanyua mizigo. Kikomo chake ni kilo 23, tena mambo yote yakiwa mazuri: mzigo uko sentimita 25 kutoka vifundo vya miguu, na mikono iko sentimita 75 juu ya sakafu. Usogeze mbali hadi sentimita 50, kikomo kinabaki kilo 11.5.

Kwa hiyo, kabla ya kunyanyua, ondoa kilichokuzuia kuusogelea mzigo. Uburute mpaka ukingoni mwa rafu, uguse tumbo, ndipo uubebe.

Mzigo ukiwa sakafuni, wengi watakwambia uchuchumae. Ushauri huo unafaa boksi likipita katikati ya magoti. Likiwa pana, magoti yenyewe yanalisukuma mbele, na umejirudishia umbali uleule. La namna hiyo mimi hulisimamisha kwa ubavu wake mwembamba kwanza, mguu mmoja huku, mwingine kule, nikalikumbatia. Lisiposimama, naita mtu. Usione haya kuita mtu.

Kugeuka, geuza nyayo. Usizungushe kiuno ukiwa na mzigo.

Kamba ya kubebea mzigo nayo ina yake. Ikikata vidole, utaharakisha, na haraka ndiyo inayokukunja vibaya. Pitisha kamba ndani ya kipande cha bomba la plastiki, unene wa sentimita 3 hivi, kiganja kizima kikamate.

Na asubuhi anza na vitu vyepesi: usingizini diski za uti, yaani vile vibonge laini kati ya mifupa ya mgongo, hufyonza maji na kuvimba, kuinama mapema huzibana zaidi.

Stoo yangu sasa, vizito vyote vimekaa usawa wa kiuno. Chini na juu kabisa nimeweka makopo matupu.