Kamera ya nyumbani ni ya nani? Somo la kulinda vifaa janja, pamoja na maswali ya wanachama

Ndugu wanachama, somo hili limetokana na duka la jamaa yangu lililoko Igoma. Alifungiwa kamera nne, akalipa, akaonyeshwa picha zikicheza kwenye simu yake, naye akaridhika. Miezi kadhaa baadaye alibadilisha simu, na hapo ndipo alipogundua kwamba akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya fundi, ilhali yeye mwenye duka alikuwa amealikwa tu kama mtazamaji. Fundi alikwishahama mkoa na namba yake haikupatikana tena. Simsingizii kwamba alikuwa akichungulia. Ninachosema ni kwamba kwa muda wote huo angeweza kuiona droo ya fedha na saa ya kufunga duka akiwa popote penye mtandao. Tunapozungumzia usalama wa vifaa hivi huwa tunamwogopa mdukuzi wa ng'ambo, nami nitamgusa, lakini hapa kwetu Mwanza ningeanza na fundi.

Hatua ya kwanza: hakikisha akaunti ni yako

Fungua programu ya kamera, nenda kwenye wasifu, kisha usome barua pepe au namba ya simu iliyoandikwa hapo. Kamera nyingi za waifai hufungamanishwa na akaunti moja tu ya mmiliki, na wengine wote hushirikishwa kwa ruhusa yake. Ukikuta wewe ni mshirikishwa, mwombe fundi aiondoe kamera kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, ndipo uisajili upya kwa barua pepe yako mwenyewe. Wengi hukimbilia kubonyeza kile kitundu cha kurudisha hali ya kiwandani wakidhani kazi imekwisha. Kwa aina nyingi hilo halitoshi, kwa kuwa kumbukumbu ya umiliki iko kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za mtengenezaji, na kamera itakataa kusajiliwa hadi mmiliki wa awali aiachie. Fundi asipopatikana, itakubidi umwandikie mtengenezaji ukiwa na namba ya kifaa na risiti ya manunuzi, na ndiyo maana boksi na risiti havitupwi.

Jambo dogo linalosahaulika: usipige picha ya stika iliyoko chini ya kamera na kuituma kwenye kundi unapoomba msaada. Stika hiyo huwa na namba ya kifaa, na mara nyingi pia msimbo unaotumika kukisajili. Ukitaka kuwa na utulivu zaidi, washa uthibitisho wa hatua mbili, ili anayejaribu kuingia kwa simu ngeni atakiwe namba ya siri itakayotumwa kwako.

Hatua ya pili: ondoa nywila ya kiwandani

Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikiingia kwenye kamera, ruta (kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani) na mashine za kurekodi picha. Haikutumia ujuzi wa ajabu, bali ilijaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, zipatazo sitini tu, na milango ikafunguka. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikiwaelekeza watumiaji wa intaneti kwenye anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi wakashindwa kufungua tovuti kubwa zikiwamo Twitter na Netflix. Wenye kamera hizo wengi hawakujua lolote, maana picha ziliendelea kuonekana kama kawaida.

Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, hivyo kifaa kikizimwa ilifutika. Umeme ukikatika Nyakato, basi, kamera ilisafishika bila gharama. Ukirudi na nywila ikiwa ile ile ya zamani, kifaa kingeweza kutekwa tena ndani ya dakika chache. Weka nywila ndefu, isiyotumika kwingine, na uiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Daftari ndani ya kabati ni salama kuliko nywila moja inayofungua barua pepe, kamera na ruta kwa pamoja.

Hatua ya tatu: ruta

Mji wetu umejengwa juu ya vilima na mawe, na nyumba za Mabatini au Bugando zimepandiana kiasi kwamba waifai ya nyumba ya chini humfikia vizuri jirani wa juu. Badilisha nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta, ambayo ni tofauti na ile ya kujiunga na waifai. Kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kujiunga na waifai kwa kitufe au namba fupi badala ya nywila), na uzime UPnP, ambayo huviruhusu vifaa kufungua mlango wa kufikiwa na watu wa nje bila kukuuliza. Kama ruta yako ina mtandao wa wageni, viweke huko kamera, taa na luninga, simu na kompyuta zibaki kwenye mtandao mkuu.

Hatua ya nne: masasisho

Ruhusu kamera ijisasishe yenyewe, yaani ipokee marekebisho ya programu kutoka kwa mtengenezaji. Kifaa ambacho mtengenezaji ameacha kukitolea masasisho kitolewe kwenye mtandao, hata kama bado kinaonyesha picha safi.

Hatua ya tano: kamera inatazama wapi?

Chumba cha kulala na bafu havina haja ya kamera, na sitajadiliana na yeyote kuhusu hilo. Mwaka 2023 kampuni ya kamera za nyumbani ya Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8 baada ya tume ya biashara ya Marekani kudai kwamba wafanyakazi waliweza kutazama video za faragha za wateja. Dada wa kazi naye ana haki ya kuambiwa kamera ziko wapi kabla hajaanza kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Buhongwa: Shikamoo mwalimu. Mwenye nyumba amefunga kamera uani, nayo inaelekea mlango wa chumba changu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Anza kwa kuzungumza naye, kwani kamera nyingi zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha, na anaweza kuuficha mlango wako huku geti likiendelea kuonekana. Akikataa, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu awajulishe lengo lake. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mwanachama wa Kirumba: Je, luninga janja hutusikiliza?

Jibu: Maikrofoni ya rimoti kwa kawaida husikiliza unapobonyeza kitufe. La kuangalia zaidi ni kwamba luninga nyingi hutambua unachotazama na kukiripoti. Kampuni ya luninga ya Vizio ililipa dola milioni 2.2 mwaka 2017 kwa jambo hilo. Ingia kwenye mipangilio ya faragha uizime huduma hiyo.

Mwanachama: Natumia kiruta cha laini ya simu. Si niko salama zaidi?

Jibu: Kwa kiasi fulani. Mitandao ya simu kwa kawaida huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, hivyo mgeni hawezi kubisha moja kwa moja kwenye kamera yako. Lakini kamera yenyewe ndiyo inayopiga hodi kwenye seva ya mtengenezaji, na mwenye nywila ya akaunti ataingia kupitia huko. Rudi hatua ya kwanza.

Mwanachama wa Ukerewe: Nataka kulinda injini za mitumbwi mwaloni, ila bando ni ghali. Kamera inaweza kufanya kazi bila intaneti?

Jibu: Inaweza, nayo ndiyo njia yenye faragha kubwa kuliko zote, kwa sababu picha haziondoki kwako. Baadhi ya kamera hudai intaneti siku ya kusajiliwa tu, kwa hiyo uliza dukani kabla ya kulipa. Usitegemee kadi iliyo ndani ya kamera peke yake, kwani mwizi akiing'oa kamera ameondoka na ushahidi. Vuta waya hadi kwenye mashine ya kurekodi iliyofungiwa mahali pengine, mbali na injini, na funguo ukae nazo wewe.