Shela mpaka Kipungani kwa miguu: panga safari kwa kufuata maji ya bahari, chakula kitafuata

Jamaa zangu wa Nairobi wamekuja Lamu wakataka kutembea ufuo wa kusini wote wa kisiwa, kutoka kijiji cha Shela mpaka kijiji cha Kipungani, nikaona afadhali niandike mpango wangu kuliko kuurudia kwenye simu kila mara. Ni kilomita 12 hivi za mchanga mtupu, hakuna duka wala kivuli. Mwendo wenyewe si mgumu. Wanaoteseka ni wale wanaoondoka saa mbaya.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi ulioko juu

Hapa ndipo penye kazi, soma taratibu. Maji yakitoka, ufuo wa Shela hubaki na ukanda mpana wa mchanga mbichi, mgumu, mguu hauzami. Yakijaa, mnasukumwa juu kwenye mchanga mkavu unaomeza mguu hadi kifundoni, na kabla ya nusu ya njia hakuna anayetaka kusemeshwa.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri kwenye saa kumi na moja, yakapwa kwenye saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku zenu. Mkitoka Shela kunapopambazuka, maji yanawakimbia na ufuo unazidi kupanuka kadiri mnavyokwenda. Wakati wa maji mafu, yaani yanapopanda na kushuka kidogo tu, mwezi ukiwa nusu, mambo hupinduka: saa nne, saa tano asubuhi maji yamejaa, na jua ndipo linapoanza kuuma.

Kwa hiyo tazama tarehe ya Kiislamu. Tarehe 1 mpaka 3, au 14 mpaka 17, nendeni. Tarehe 8 au 22, kaeni barazani mnywe kahawa. Na ukiahirisha siku tatu usidhani saa ni ile ile, maana maji yatakuwa yamechelewa kwa saa mbili na nusu. Programu za simu mara nyingi hutoa saa za maji za Kilindini, bandari ya Mombasa, na za Lamu hutofautiana nazo kidogo. Mimi humwamini zaidi mvuvi yeyote anayetengeneza nyavu gatini jioni ya kuamkia safari.

Kuna na upepo. Msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, unawasukuma mgongoni. Msimu wa kusi unawapiga usoni na mchanga wake, basi geuzeni safari: mashua iwapeleke Kipungani alfajiri maji yakiwa bado yamejaa, mrudi Shela kwa miguu. Jua litakuwa usoni, lakini jua lina kofia, na mchanga wa machoni hauna dawa.

Hatua ya 2: Kula mjini, beba vikavu

Mahamri ya moto na mbaazi za nazi, hapo hapo kwa mama anayeyachoma, kabla ya kushika njia. Mbaazi usizibebe hata ukiwa na chombo cha mfuniko, kwa sababu tui litachacha kabla hamjafika nusu. Beba mikate ya mofa, tende, mayai ya kuchemsha, muhogo, na achari ya embe kwenye chupa ndogo. Biskuti zinakausha koo, sijui nani alizifanya chakula cha safari. Maji lita 3 kwa kila kichwa, na kila mtu abebe yake.

Hatua ya 3: Mavazi

Kofia, kikoi au leso ya kujifunika mabega. Miguu mitupu ufuoni, makubadhi ya kuingilia kijijini.

Hatua ya 4: Watu

Wanne au watano wanatosha. Mwenye mwendo wa pole atangulie, na msimulizi akae katikati ili asikike mbele na nyuma. Anayetaka kushindana mbio mwacheni mjini.

Hatua ya 5: Njiani

Mkishaacha majumba ya Shela, mkono wa kulia ni vilima vya mchanga. Msivipande ovyo wala kutupa taka, kwa maana maji ya mvua huzama humo na ndiyo yanayonywewa mjini Lamu. Mkiona mkokoto mpana kutoka majini hadi juu, kasa amepanda usiku kutaga, pitieni mbali. Na msiogelee huku: kisiwa cha Manda hakiwakingi tena, mawimbi yanatoka baharini moja kwa moja.

Hatua ya 6: Kipungani

Ufuo ukipinda na mikoko ikaonekana, ingieni ndani kuelekea kijijini. Wazee waamkieni kwanza, kamera baadaye, na kwa ruhusa. Swali ni lile lile siku zote:

"Mwatoka wapi?"

"Shela, mzee, kwa miguu."

"Kwa miguu! Kwani mashua zimekwisha?"

Cheka, keti, ndiyo karibu yenyewe hiyo. Wanawake wa hapa ni mafundi wa mikeka na makapu, na ukinunua usivutane bei kama uko sokoni.

Chakula kiagizwe tangu jana kupitia nahodha wenu. Agizeni samaki wa kupaka na wali wa nazi. Changu au tewa hupasuliwa mgongoni, akaiva kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili, kijiko kwa kijiko, akageuzwa, akapakwa tena mpaka tui lishike na kingo zianze kuungua. Atakayewaharakisha wapishi atakula samaki mbichi.

Baada ya hapo laleni. Hamna pa kwenda.

Hatua ya 7: Kurudi

Mashua haiwezi kusogea maji yakiwa yametoka, kwa hiyo mwambieni nahodha aje alasiri, maji yakishapanda. Mtafika mjini kabla ya magharibi. Nauli patana naye Lamu kabla ya kuondoka, na iwe ya chombo kizima, si ya kila kichwa. Ukipatana Kipungani, huku umeshiba na jua linashuka, bei ni yake.