Somo: Kuseti hedispesi ya magnamu zenye mshipi kwa kufuata bega

Assalamu alaikum. Nimeamua kuliandika somo hili kwa ukamilifu kwa sababu swali lile lile, la jinsi ya kuseti hedispesi ya magnamu zenye mshipi (risasi za nguvu kubwa zenye pete nene karibu na kitako), limenifikia mara nyingi mno, na kila nikilijibu kwa mistari miwili anayeuliza huondoka na nusu ya jibu, ambayo katika kazi hii ni hatari kuliko kutojua kabisa. Mimi ni mtu wa Malindi niliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya bunduki Afrika Kusini. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na silaha pamoja na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kwa hivyo ninawaandikia wenzetu walio kazini katika nchi ambako kujaza maganda upya kunaruhusiwa kwa leseni.

Hedispesi ni nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti, chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, na ile sehemu ya chemba, yaani chumba cha risasi mtutuni, inayolizuia ganda lisisonge mbele zaidi. Kwa ganda la kawaida lisilo na ukingo mpana kitakoni, kizuizi ni bega, yaani mahali ganda linapopungua upana kuelekea shingoni. Kwa magnamu kama .375 H&H, .300 Winchester au 7mm Remington, kizuizi kilichokusudiwa ni ukingo wa mbele wa mshipi ule mnene ulio juu kidogo ya kitako, na hapo ndipo watu wanapopotoka, kwa kuwa wanadhani mshipi ukishakaa sawasawa basi ganda zima limekaa sawasawa.

1. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha uhakikishe tena.

2. Chukua maganda matupu yaliyopigwa katika bunduki hiyo hiyo, ikiwezekana mara mbili au tatu, kwa kuwa pigo la kwanza huenda lisilijaze ganda chemba yote. Toa viwashio vilivyotumika na uyasafishe.

3. Pima kutoka kitakoni hadi begani kwa kalipa yenye pete ya kupimia bega, na uandike kipimo.

4. Seti kalibu, yaani chombo cha uzi kinachofungwa kwenye mashine na kulibana ganda lililopigwa ili lirudi umbo lake. Hatua hii ndiyo niliyoiharibu mimi, kwa hivyo naomba isomwe polepole. Karatasi niliyopewa na kalibu ilielekeza kuishusha mpaka iguse kishikio cha ganda na kuongeza kidogo, nami nikatii bila kupima. Katika magnamu yenye mshipi, watengenezaji wengi huliacha bega la ganda jipya nyuma sana ya bega la chemba, na mimi nimekuta tofauti ya inchi 0.015 hadi 0.020. Pigo la kwanza hulisukuma bega mbele, na shaba ya ubavuni hunyooka na kupungua unene mbele kidogo ya mshipi. Kalibu iliyoshushwa mpaka mwisho hulirudisha bega nyuma kule lilikotoka, pigo la pili hulinyoosha ganda tena pale pale, na unene unazidi kuisha. Kwangu mimi ganda lilikatika katika pigo la tatu, ndani ya bunduki ya mteja. Kitako kilitoka na bolti, sehemu ya mbele ikabaki chembani, na gesi iliyovuja ilimfikia mteja usoni. Aliokolewa na miwani aliyoivaa.

Kwa hivyo ipandishe kalibu mpaka iwe mbali na kishikio, upitishe ganda lililopakwa mafuta kidogo ubavuni bila kulipaka begani, kisha upime. Utaona kwamba kipimo kimeongezeka badala ya kupungua. Usishtuke wala usidhani kalipa imeharibika: ubavu unapobanwa, shaba hukimbilia mbele na bega husogea mbele nayo. Endelea kushusha kidogo kidogo. Uzi wa kalibu za kawaida una mizunguko 14 kwa inchi, yaani mzunguko mmoja hushusha inchi 0.071 hivi, na sehemu moja ya 32 ya mzunguko hushusha inchi 0.002 hivi. Simama pale bega litakapokuwa nyuma ya kipimo ulichoandika kwa inchi 0.001 hadi 0.002, kisha ufunge pete ya kalibu.

Onyo: kipimo hicho ni cha bunduki hiyo moja. Usiyachanganye maganda ya bunduki mbili, hata kama ni za muundo mmoja.

5. Jaribu ganda TUPU katika bunduki, baada ya kutoa pini ya kupigia na kitoa ganda cha springi, ili mkono uhisi ganda peke yake. Bolti ifunge kwa urahisi.

6. Pima urefu wa ganda zima na ukate uliozidi. Kwa .375 H&H usivuke inchi 2.850, na kwa .300 Winchester usivuke 2.620.

7. Kila mara kabla ya kujaza, ingiza waya mwembamba uliopindwa ncha na uikokote ndani ya ubavu kutoka kitakoni kwenda juu. Ukihisi mfereji mbele ya mshipi, liponde ganda hilo ulitupe. Mstari unaong'aa kwa nje mahali hapo ni ishara ya ugonjwa huo huo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ami, mimi nataka idadi tu. Nizungushe mara ngapi?

Jibu: Hakuna idadi. Soma hatua ya nne tena.

Swali: Bunduki yangu imepimwa kwa geji na imefaulu, kwa hivyo sioni haja ya haya yote. Huoni kwamba unawatisha watu?

Jibu: Geji hiyo hupima mahali pa mshipi peke yake. Ile ya kupita, ambayo bolti lazima iifungie, ina inchi 0.220, na ile ya kukataa, ambayo bolti haipaswi kuifungia, ina 0.223, na hakuna hata moja inayofika begani. Bunduki yako yaweza kuwa salama kabisa na maganda yako yakakatika. Sikuandika ili kutisha, nimeandika niliyoyaona.

Swali (kutoka Lamu): Shikamoo ami. Ikiwa mshipi una matatizo haya, Waingereza waliuweka kwa nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza swali la msingi. Holland & Holland walipoitoa .375 mwaka 1912, walitaka ganda refu lililochongoka taratibu, lenye bega la mteremko mdogo, ili liingie na kutoka chembani bila kukwama. Bega la namna hiyo halizuii kwa uhakika, na ukingo mpana wa kitakoni husumbua ndani ya magazini, hivyo mshipi ukawa njia ya kati. Magnamu za baadaye, kama 7mm Remington ya 1962 na .300 Winchester ya 1963, zina bega kali linaloweza kuzuia lenyewe, lakini zilirithi mshipi. Kwa upande mwingine, .458 Winchester ya 1956 haina bega kabisa, kwa hivyo inauhitaji mshipi kweli, na hatua ya nne haiihusu.

Swali (kutoka Arusha): Mwalimu, bega langu liko sawa kwa kipimo, lakini baada ya kujaza mara nne bolti inakuwa nzito. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, dada, na nakushukuru kwa kupima kwanza. Pima kipenyo mbele kidogo ya mshipi. Kalibu za kawaida haziwezi kubana mpaka karibu na mshipi, kwa hivyo uvimbe hujijenga hapo kila pigo. Ipo kalibu ya pili yenye meno ya kubana sehemu hiyo tu, nayo itakufaa. Na kama maganda hayo ni ya kazi ya kumlinda mgeni mbele ya nyati, tumia mapya.

Swali: Mafuta ya nazi yanafaa kupaka ganda?

Jibu: Hayafai. Utando wake hukatika chini ya mgandamizo na ganda hukwama. Tumia lanolini. Likishakwama, usilipige nyundo: toboa kitako, chonga uzi, weka bolti yenye washa pana, kisha ulivute taratibu. Na kwa wenzangu wa pwani, kalibu ikitoka kazini ifutwe na ipakwe mafuta siku hiyo hiyo, kwa maana upepo wa kusi hapa Malindi huleta chumvi mpaka ndani ya kabati.