Kumfuata trauti wa vijito porini Algonquin bila kukodi ndege

Ukianza kuulizia safari ya kuvua trauti wa vijito kwa inzi bandia (ndoana iliyovishwa nyuzi na manyoya ifanane na kiumbe cha majini), utaelekezwa Labrador, mashariki mwa Kanada. Huko ndege ndogo inakushusha ziwani, unalala kwenye kibanda cha magogo chenye mpishi, na bili inafika maelfu ya dola kwa wiki. Samaki wa huko ni wakubwa kweli, sibishi. Lakini mgeni asiye mkazi wa jimbo hilo haruhusiwi kuvua mbali na barabara kuu bila kiongozi, kwa hiyo hata ukitaka kubana matumizi, sheria yenyewe inakubana wewe.

Mimi nilihamia jimbo jingine la Kanada, Ontario, kwenye Hifadhi ya Algonquin, mwendo wa kama saa tatu kwa gari kutoka Toronto. Pale kinachomtenga samaki na umati wa watu ni kipande cha nchi kavu cha kilomita moja na nusu, chenye matope na mizizi, ambacho unakivuka na mtumbwi ukiwa umeubeba mabegani. Asiye na hela za ndege analipa kwa mabega. Mpango mzima ninaoueleza hapa umejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kabla ya ziwa

Wengi huanza na ramani. Anza na kalenda. Trauti wa vijito (Salvelinus fontinalis) ni samaki wa maji baridi: hustawi kwenye nyuzijoto 11 hadi 16 hivi, na maji yakipita 20 huacha kingo na kuzama vilindini ambako inzi wako hafiki. Na jina lisikudanganye, huku anaishi maziwani zaidi kuliko unavyodhani.

Msimu wa Algonquin hufunguliwa Jumamosi ya nne ya Aprili na kufungwa Septemba 30. Barafu ya maziwa huyeyuka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, mwaka na mwaka. Wiki mbili tatu baada ya hapo ndizo za dhahabu: maji ya juu bado baridi, samaki wanazungukia kingo, na hata ukiwa na mshipi unaoelea tu unawafikia. Niliwahi kwenda katikati ya Julai kwa sababu ndiyo likizo niliyopewa. Kipimajoto kilisoma 22 usawa wa kafi, na kwa siku nne nilivua majani.

Kuna la pili: usubi. Ndiyo, jamaa wa wale wale wanaoeneza ugonjwa wa usubi kwenye mito ya kwetu, ila hawa wa Kanada hawaambukizi ugonjwa huo. Wanachofanya ni kukung'ata nyuma ya masikio mpaka damu itiririke shingoni bila wewe kuhisi. Huanza kama katikati ya Mei na kuendelea hadi Juni inapoelekea kwisha. Ukiweza, nenda wiki mbili za kwanza za Mei na uvumilie baridi ya usiku. Ukichelewa, chukua neti ya kichwa na shati la rangi hafifu, maana nguo nyeusi na za buluu iliyokolea huwavuta. Septemba nayo ni nzuri, usubi hakuna, lakini samaki huwa bado wamezama mpaka maji yapoe.

Hatua ya 2: Tafuta ziwa ambalo mvivu hafiki

Hifadhi hii ilianzishwa 1893, ina kilomita za mraba zaidi ya 7,600, na maziwa yenye trauti wa vijito wa asili yanapita 230. Shida si kupata ziwa, shida ni kuchuja.

Nunua ramani ya njia za mitumbwi ya Algonquin. Kila kipito cha nchi kavu kati ya ziwa na ziwa kimeandikwa urefu wake kwa mita. Kisha fungua Fish ON-Line, ramani ya bure ya serikali ya Ontario kwenye intaneti. Ukibofya ziwa inakuonyesha aina za samaki waliomo na kama limewahi kupandwa vifaranga. Weka ramani hizo mbili pamoja na utafute ziwa lenye sifa hizi: trauti wa vijito yumo, samaki washindani wake ni wachache au hawamo, kambi ni moja au mbili tu, na kabla ya kulifikia kuna angalau kipito kimoja kinachozidi mita 1,000.

Hiyo ya mwisho ndiyo siri. Kipito cha mita 200 hakimzuii mtu. Cha mita 1,500 kinawarudisha wengi nyuma wakiwa bado mezani na ramani.

Ila piga hesabu kwa uaminifu. Mkiwa wawili na mizigo mitatu pamoja na mtumbwi, hamuwezi kubeba vyote kwa mkupuo mmoja. Mtaenda, mtarudi mikono mitupu, mtakwenda tena: mita 1,500 zimekuwa 4,500. Mimi huhesabu saa moja na nusu kwa kipito kama hicho, na siku ya kwanza sipangi zaidi ya kimoja. Waliopanga vitatu nimewakuta wamekaa njiani juu ya mabegi yao, hawasemezani.

Kosa jingine la kawaida ni kuhama kila siku. Kibali cha Algonquin kinataja ziwa utakalolala kila usiku, hivyo ukishapanga umejifunga. Panga usiku mmoja njiani, usiku mitatu kwenye ziwa lako, na mmoja wa kurudi. Mchana unabeba ufito na mtumbwi pekee kwenda kwenye maziwa madogo ya jirani, yale yasiyo na kambi kabisa. Samaki wangu wazuri karibu wote wametoka huko.

Hatua ya 3: Vibali

Nafasi za kulala porini hufunguliwa miezi mitano kabla ya tarehe yako, na za Mei si za kugombaniwa kama za Agosti. Leseni ya kuvua inahitaji kwanza Outdoors Card, kadi ya wavuvi na wawindaji ya Ontario, isipokuwa leseni ya siku moja. Asiye mkazi wa Kanada ana leseni ya siku nane, nafuu kuliko ya mwaka. Halafu kuna daraja mbili: Sport inakuruhusu kubaki na trauti wa vijito watano, Conservation wawili. Chukua Conservation. Ni ya bei nafuu zaidi, na wawili wanamshibisha mtu. Baadhi ya maziwa yana masharti yake peke yake, kwa hiyo soma kanuni za mwaka husika.

Visamaki hai kama chambo ni marufuku hifadhini, kwa sababu wanaotoroka ndoanani huzaliana na kumnyang'anya trauti chakula. Sisi wa inzi bandia haitugusi.

Makopo na chupa za kutupwa pia haziruhusiwi porini.

Hatua ya 4: Pesa inakwenda wapi

Gari na mafuta ndiyo donda kubwa, ndiyo maana safari hii ni ya watu wawili au wanne, si ya mmoja. Mtumbwi unafuata. Kodi wa Kevla (nyuzi za plastiki nyepesi na imara), wenye uzito wa kama kilo 19, hata kama wa alumini ni nafuu kwa siku. Tofauti ya zaidi ya kilo kumi utaijua mita ya 800. Kibali cha kulala ni dola kumi na kitu za Kanada kwa mtu mzima kwa usiku.

Ukitaka kukwepa hata hiyo ya kulala, nje ya hifadhi kuna ardhi ya umma ambako mkazi wa Kanada hupiga kambi bure hadi siku 21 mahali pamoja. Asiye mkazi anahitaji kibali akiwa kaskazini mwa mito French na Mattawa.

Mahali pa kutobana: jaketi la kuokolea, na livaliwe, lisikaliwe. Maji ya mwanzo wa Mei yana nyuzijoto chache tu, na mtu akipinduka vidole hukataa kushika ndani ya dakika kumi. Kodi pia kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kwani simu haishiki.

Hatua ya 5: Zana chache

Ufito wa futi 9 namba 5 (namba ni uzito wa mshipi unaoufaa), unaokunjuka vipande vinne. Rili yoyote inayozunguka. Mishipi miwili: mmoja unaoelea na mmoja unaozama. Wasiokuwa na wa kuzama hurudi wakilalamika kwamba ziwa halina samaki.

Inzi kumi na wawili wanatosha. Nusu wawe Woolly Bugger wa kijani kilichofifia na weusi, ambao majini ni ruba mtupu. Watatu wawe Muddler Minnow. Huyu alibuniwa na Don Gapen kwenye mto Nipigon wa Ontario hii hii katika miaka ya 1930, kuiga kisamaki cha chini ya mawe ambacho trauti wa vijito anakipenda. Nipigon ndiko alikotoka trauti wa vijito mkubwa kuliko wote waliorekodiwa, wa kama kilo 6.6. Huku kwetu Algonquin ukipata wa kilo moja, piga picha.

Chakula: mchele, dengu, shayiri ya uji, na kikombe cha unga wa mahindi wa kumpaka samaki kabla ya kumkaanga. Usiku ning'iniza kila chenye harufu, hata dawa ya meno, mita 4 juu na mita 2 kutoka shinani. Dubu weusi wapo. Maji ya kunywa yachemshe.

Hatua ya 6: Ziwani

Hujui samaki wako wapi, kwa hiyo siku ya kwanza usirushe inzi hovyo. Rambaza. Naam, hili neno wavuvi walikuwa nalo kabla intaneti haijaliazima. Achia mshipi unaozama kama mita 20 nyuma ya mtumbwi, laza ufito ukiegemea ubao na mpini wake ukibanwa chini ya paja, kisha piga kafi polepole kufuata ukingo, umbali wa mita 5 hadi 10, pale sakafu ya ziwa inapoanza kugeuka kutoka kahawia kuwa nyeusi. Kila baada ya makafi manne, pumzika moja. Inzi atazama kidogo, na mshipi utakapokazika tena atapanda kama anayetoroka. Hapo ndipo ncha ya ufito inapoinama mara mbili, tap, tap. Usivute bado. Inama ya tatu ndiyo yake.

Weka alama mahali hapo, tia nanga ya jiwe ndani ya mfuko wa wavu, na sasa ndipo urushe. Vipe kipaumbele vinywa vya vijito vinavyoingia, miti iliyoangukia majini, na upande ambao upepo umekuwa ukivumia tangu asubuhi.

Unayemrudisha, lowesha mikono kwanza na usimtoe majini. Unayembakisha mtazame kabla ya kisu: ukingo mweupe wa mapezi, mgongo wenye michirizi kama maandishi ya mtoto, madoa mekundu yaliyozungushiwa buluu. Rangi hizo huanza kufifia mara tu anapokufa.

Ukimpasua, mbali na kambi, fungua na tumbo lake kwenye kafi iliyolowa maji. Ukikuta magamba ya watoto wa kereng'ende, kesho alfajiri funga Woolly Bugger wa kijani na umburute chini kabisa, taratibu. Ukikuta visamaki, funga Muddler.