Kukagua lami kwa simujanja, Mtwara hadi Masasi

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, malori hujaa kati ya Masasi na bandari ya Mtwara, na kabla hayajapungua mvua zimeshaanza. Lami yenye nyufa ikipata maji na uzito kwa pamoja, shimo halichelewi. Kagua mara mbili kwa mwaka: Mei, mvua zikishakatika, na Septemba, muda wa kuziba ukiwa bado upo.

Tengeneza fomu kwenye KoBoToolbox, mfumo wa kukusanya data kwa simu, na uipakue kwenye simu kabla ya kutoka ofisini. Hujazwa bila intaneti. Data hutumwa ukipata mtandao. Iwe na kilomita, upande wa barabara, aina ya kasoro, urefu, upana, kina, picha na GPS. Subiri usahihi wa GPS ushuke hadi mita 5 ndipo uhifadhi. Hata hivyo mita 5 hazitoshi kutofautisha upande wa kwenda Mtwara na wa kurudi, kwa hiyo upande ujazwe kwa mkono.

Swali linalosahaulika zaidi ni la maji. Kwenye kila kasoro jaza pia: mtaro uko wazi, umeziba au haupo? Kalvati la karibu linapitisha maji? Bega, yaani ukingo wa barabara ulio nje ya lami, limeota majani likawa juu kuliko lami? Bega la namna hiyo huzuia maji kutoka. Yanazama ukingoni na kulainisha msingi. Kiraka kikiwekwa juu ya msingi uliolowa hakimalizi masika, hata kingetengenezwa vizuri namna gani.

Kupima mtikisiko, ambao huandikwa kwa kipimo cha IRI (kipimo cha kimataifa cha mikwaruzo ya uso wa barabara, kwa mita kwa kila kilomita), funga simu imara kwenye kioo cha mbele, washa programu ya kupimia na uendeshe kwa mwendo usiobadilika, tuseme kilomita 60 kwa saa. Gari liwe lilelile na upepo wa matairi uleule kila ukaguzi, la sivyo unalinganisha magari, si barabara. Pita kila upande mara mbili. Vijijini mwendo hushuka na matuta huonekana kama ubovu. Yawekee alama, uyatoe kwenye hesabu. Lami mpya nzuri huwa na IRI chini ya 2. Ikipita 6, nenda ukaangalie kwa miguu.

Ofisini, fungua data kwenye QGIS, programu ya ramani, gawa barabara vipande vya mita 100, kisha weka tabaka la mitaro juu ya tabaka la kasoro. Mashimo yakifuatana na mitaro iliyoziba, fedha ya kwanza iende kwenye mitaro. Lami ikididimia kwenye njia ya matairi upande wa malori yaliyopakia tu, huku wa pili ukiwa mzima, tatizo ni uzito: ekseli moja yenye matairi manne hairuhusiwi kuzidi tani 10. Hilo ni la kupeleka mizani.

Ufa mmoja mmoja usafishwe kwa upepo na kujazwa lami ya moto. Nyufa zilizokatana kama ngozi ya mamba haziponi kwa kumwagiwa lami. Kata mstatili wenye kingo za wima, chimba hadi tabaka gumu na kavu, paka lami ya kugandishia chini na ubavuni, jaza kwa matabaka, shindilia kila moja. Piga picha kwa namba ileile ya kasoro, na urudi hapo baada ya mvua kubwa ya kwanza.