SOMO: Kumsaidia mtu kwa maswali badala ya ushauri (nyumbani, kazini na kwenye sanaa)

Wakuu, naulizwa faragha jambo lile lile kila mara: mtu asiye kocha anatumiaje mbinu za ukocha? Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Mtindo wenyewe ulianzia uwanjani. Miaka ya 1970 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, aliona wanafunzi wanajifunza vizuri zaidi akipunguza maelekezo na kuwaacha wauangalie mpira wenyewe. John Whitmore, Mwingereza aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari, na wenzake wakaupeleka makazini. Utaratibu wao unaitwa GROW, herufi za kwanza za maneno manne ya Kiingereza: lengo (Goal), hali ilivyo (Reality), njia zilizopo (Options), nia ya kutenda (Will). Nami nafuata huo, na nyongeza zangu.

1. Omba ruhusa. "Nikusikilize tu, au unataka ushauri?" Akitaka ushauri, mpe, yaishe.

2. Muulize anataka nini hasa.

3. Muulize hali ilivyo leo. "Kwa nini hukumaliza ripoti?" inamfanya ajitetee. "Ripoti imekwamia wapi?" inamfanya akuonyeshe mahali.

4. NYAMAZA. Ukishauliza, funga mdomo. Mtu akitazama pembeni au akiinama, anafikiri. Ukimsemesha hapo umemkata. Hapa niliharibu sana nilipoanza: nikiona kimya naongeza swali la pili na la tatu, mwenzangu anajibu lile la mwisho, jepesi, na lile zito linapotea. Kwa hiyo swali moja, kisha subiri, hata ukiona aibu. Onyo: "Huoni bora uache hiyo kazi?" si swali, ni ushauri uliovalishwa kanzu ya swali. Atakuitikia kwa heshima na hatafanya lolote. Onyo la pili: usimmalizie sentensi, hata kama unajua inakoelekea. La tatu: simu iwe mfukoni. Ikiwa mezani, hata kifudifudi, macho yenu wote yatakuwa huko.

5. Njia zilizopo. Akitaja moja, uliza "na nyingine?" Zile za mwanzo ameshazifikiria kabla hajaja kwako, uliza tena na tena.

6. Hatua moja, siku na saa. "Nitajitahidi" si jibu.

MASWALI

— Mkuu weka orodha ya maswali yote niwatumie vijana wangu wa dukani.

Soma hatua ya 4. Swali zuri linatoka kwenye alichosema mtu muda huo huo.

— Sasa somo bila orodha la nini?

Mifano imo ndani ya alama za kunukuu. Ukiwatumia yote kwa mkupuo utakuwa umewapa mtihani.

— Asante kaka. Naandika riwaya, nimekwama sura ya nne. Naweza kujiuliza mwenyewe?

Unaweza dada, ila kwa kalamu, maana kichwani utajikatiza. Andika swali moja juu ya ukurasa, ujibu dakika kumi bila kufuta: mhusika wangu anataka nini hapa, na nani anamzuia? Halafu jipime hamu ya kuiandika sura hiyo, kuanzia 1 hadi 10. Ukijipa 4, usijiulize mbona si 10, jiulize mbona si 2. Utakayoyaandika hapo ndiyo yanayokuvuta bado. Anzia hayo, hata kama yako katikati ya sura. Kipimo hicho hutumiwa pia na wahudumu wa afya wanaosaidia watu kuacha pombe na sigara. Ukipata jibu rudi utuambie, nina hamu ya kujua.

— Kwa baba mkwe je? Kumuuliza mzee "utaanza lini" si utovu wa adabu?

Ni utovu, umeona mbali. Kwa mzee acha hatua ya 6. Shikamoo, habari za nyumbani mpaka ziishe, kisha: "Baba, zamani jambo kama hili mlilimaliza vipi?" Halafu nyamaza. Akisimulia, mara nyingi anafika kwenye jibu mwenyewe.

— Mdogo wangu amefiwa, hali wala halali. Nimejaribu hatua zako, hajibu.

Pole sana ndugu yangu. Hatua hizi ziweke kando kabisa. Kaa naye, mpikie, asilale peke yake. Hali ikiendelea hivyo mpeleke hospitali au kwa mnasihi, usisubiri. Maswali haya ni ya mtu mwenye nguvu ya kuchagua.

— Mimi fundi seremala. Vijana wangu wakiitwa mezani wanakuwa bubu, ila tukipiga randa pamoja wanasema yote.

Hii nzuri sana fundi, naiongeza kwenye somo. Macho yakiwa kwenye kazi, ulimi unalegea. Hata jikoni mkichambua mchele.

— Na kwenye gari, ila zima redio.

— Ujumbe wa sauti WhatsApp unafaa?

Kwa hatua ya 6 tu, kukumbushana. Kimya chake hutakisikia humo.