Namna ya kutuma sarafu na noti za zamani zikagrediwe Marekani na zirudi Uganda bila ushuru

Shilingi yangu ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921, ile yenye simba na milima nyuma yake, nimewahi kuilipia kodi kama bidhaa ya kigeni. Shemeji yangu aliyekuwa akisafiri aliibeba mfukoni, ikagrediwa Marekani, yaani kampuni ikaikagua na kuipa alama ya ubora, ikarudi kwa kifurushi ikiwa ndani ya kasha la plastiki lenye lebo na namba. Ofisa wa forodha akaigeuza mara mbili, akauliza, "Mzee, hii ulinunua ngapi?" Nikamwambia sikununua, ni yangu toka zamani, ilikwenda kupimwa tu. "Sawa. Karatasi ya kutokea iko wapi?" Sikuwa nayo. Nikalipa VAT ya asilimia 18 pamoja na vilivyoandamana nayo, kwa kitu kilichotoka kwenye kabati langu mwenyewe.

Ofisa hakukosea. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu mali itoke kwa muda na irudi bila ushuru, lakini mwenye mali ndiye wa kuonyesha kwamba kilichorudi ndicho kilichotoka. Kwa hiyo kazi karibu yote iko upande wa kutokea. Ukingoja mpaka kifurushi kifike Entebbe ndipo uanze kujieleza, umechelewa.

Hatua ya kwanza: chagua kinachostahili safari

Ada ya kugredi, nauli ya kwenda na kurudi, bima na malipo ya ajenti wa forodha vitakuwepo hata kama ushuru ni sifuri. Senti zenye tundu za miaka ya 1950 ziache kwenye kopo. Mimi natuma noti za 1966, zile za kwanza za Benki Kuu ya Uganda, kama hazijakunjwa. Noti za 1973 zenye sura ya Amin zikiwa bado zinalia mkononi. Na sarafu za fedha za 1969 zilizotolewa Papa Paulo VI alipokuja Uganda. Zile za dhahabu za seti hiyohiyo ni ugomvi mwingine, kwa sababu dhahabu ikitoka nchini ina maswali yake. Kaa na ajenti kwanza.

Na tafadhali usizisafishe. Nimeona shilingi nzuri sana iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka inang'aa kama sufuria ya harusi. Sarafu na noti hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 70, lakini sarafu iliyosuguliwa hainyimwi alama mbili tatu tu: hurudi bila gredi ya namba, lebo ikisema imesafishwa. Utando wenyewe wa ile rangi ya kuzeeka ndio pesa.

Kama unachotaka kutuma si fedha bali ni kitu cha kale cha utamaduni, simama hapo. Kinahitaji kibali. Nenda kaulize Makumbusho ya Uganda, Kira Road, kabla hujafunga hata karatasi.

Hatua ya pili: kipe kila kitu kitambulisho

Hapa usiwe na haraka. Noti ni rahisi kwa kuwa ina namba yake: iandike, ipige picha mbele na nyuma, basi. Sarafu haina namba. Shilingi mbili za 1921 zikilazwa mezani, ofisa hana namna ya kujua ipi ni yako mpaka umwonyeshe.

Ninachofanya ni hiki. Naipima kwa mizani ya sonara inayosoma gramu kwa desimali mbili. Shilingi ile hucheza kwenye gramu 7.8, na iliyotumika sana hupungua kidogo. Kisha napiga picha karibu na dirisha asubuhi, bila flashi, nikiuinamisha mwanga mpaka mikwaruzo ijitokeze. Yangu ina mkwaruzo mfupi juu ya mgongo wa simba na kidonda kidogo ukingoni. Hivyo viwili nimevizungushia kalamu nyekundu kwenye picha iliyochapwa, na kuandika pembeni uzito, tarehe na saini yangu. Watu hunicheka, lakini kasha la plastiki likishafungwa huwezi tena kuipima sarafu. Mkwaruzo ndio utakaokusemea.

Hatua ya tatu: pata msafirishaji anayekubali

Kampuni nyingi za vifurushi zimeweka noti na sarafu kwenye orodha ya vitu wasivyobeba, hata kama hazitumiki tena madukani. Posta nayo, kwa kanuni za kimataifa, haitaki fedha ndani ya barua ya kawaida. Tafuta kifurushi chenye bima. Usiandike "vifaa vya plastiki" ili upite. Kikipotea, bima haitakulipa hata mia. Uliza kwa maandishi, na jibu lao lihifadhi.

Njia ya pili ni kubeba mwenyewe au kumpa msafiri unayemwamini. Hiyo ni halali kabisa, ila hatua inayofuata inabaki palepale. Mimi kosa langu halikuwa kumtumia shemeji. Lilikuwa kumpitisha bila karatasi.

Hatua ya nne: itoe nchini kwa muda

Utahitaji TIN, yaani namba ya mlipakodi, na ajenti wa forodha mwenye leseni. Mwambie neno kwa neno: "Nataka EX 2, si EX 1." Kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha ambao URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) inatumia, EX 1 ni mali inayoondoka moja kwa moja, na EX 2 ni ile inayotoka kwa muda na itarudi. Ajenti asiyezoea mzigo mdogo atakuandikia EX 1 kwa mazoea, na hutajua mpaka siku ya kurudi.

Ambatanisha orodha ya vitu pamoja na zile picha, barua fupi inayosema vinakwenda kugrediwa na vitarudi lini, na fomu ya maombi kutoka kwa kampuni ya kugredi. Muda wa kurudi uweke mrefu kuliko unavyodhani. Foleni za kugredi hufika miezi. Ukiona unakaribia kuupita, omba nyongeza kabla haujaisha.

Omba mali ikaguliwe kifurushi kikiwa wazi, na picha zako zigongwe muhuri. Baada ya hapo ndipo ufunge. Karatasi ile yenye muhuri ndiyo niliyoulizwa mara ya kwanza.

Jina liwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna wanaokusanya vitu vya watu kumi wakatuma kwa jina la mmoja, wengine wakapitishia kwa mtu wa Nairobi ili nauli igawanyike. Nauli inapungua kweli. Lakini kama EX 2 iko kwa jina la Musa na kifurushi kimerudi kwa jina la Amina, msamaha hauna wa kuushika.

Hatua ya tano: ankara

Andika thamani ya kweli, "si ya kuuzwa, inakwenda kugrediwa na itarudi kwa mwenyewe", na namba ya forodha ya aina ya bidhaa. Sarafu na noti za ukusanyaji ziko kwenye 9705: zilizopita miaka 100 ni 9705.31, zilizo chini ya hapo ni 9705.39. Shilingi ya 1921 imeshavuka. Noti ya Amin bado. Stempu zina namba yake, 9704. Ukibahatika kuwa na zile stempu za Uganda za 1895 zilizopigwa kwa taipureta, zenye bei iliyohesabiwa kwa kauri za baharini, usizitume kwa mwongozo wa mtu kama mimi!

Kuandika dola 10 kwa kitu cha dola 600 ni kujifunga mwenyewe mara mbili. Kikipotea utalipwa dola 10, na kikirudi na lebo ya gredi kubwa utaulizwa kilipandaje. Maelezo ya uongo ni kosa, na mali inaweza kutaifishwa.

Hatua ya sita: upande wa Marekani

Ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 uliondolewa tarehe 29 Agosti 2025, kwa hiyo usitegemee ushauri wa zamani kwamba kitu kidogo hupita tu. Kila kifurushi kinataka maelezo kamili. Kuna utaratibu wa kuingiza kitu kwa muda chini ya dhamana, mwaka mmoja, unaoweza kuongezwa hadi mitatu. Kwa mzigo mdogo dhamana yenyewe inaweza kukugharimu kuliko kodi. Waandikie kampuni ya kugredi kabla ya kutuma, waulize wanataka ankara isomekeje, kisha ifuate herufi kwa herufi.

Hatua ya saba: kurudi

Hapa ndipo wengi wanaangukia hata wakiwa na karatasi zote. Kampuni ya vifurushi hupenda kumaliza haraka, hivyo inaweza kukuandikia IM 4, yaani bidhaa mpya ya kutumika nchini, kabla hujapigiwa simu. Unachotaka ni IM 6, ya mali inayorudi. Kwa hiyo, kampuni ya kugredi ikikuandikia kwamba wanafunga kifurushi, waombe waandike kwenye ankara "mali ya Uganda inarudi kwa mwenyewe" pamoja na namba ya EX 2 yako. Siku hiyohiyo mtumie ajenti wako namba ya kifurushi, na uwaandikie wasafirishaji wasiguse forodha mpaka yeye afike.

Nenda na EX 2, picha zenye muhuri, na orodha mpya inayounganisha kila kitu na namba ya kasha lake. Kama uliomba sarafu isafishwe kitaalamu hukohuko, sema. Kitu kilichofanyiwa kazi nje kinaweza kutozwa kodi kwenye thamani ya ile kazi, na ni nafuu kuliko kugundulika.

Mara ya pili nilipokwenda, ofisa alichukua picha, akatafuta mkwaruzo wa simba kwa tochi ya simu kupitia plastiki, akauona, akanirudishia. Dakika kama kumi. Usiondoke hapo bila nakala inayoonyesha EX 2 yako imefungwa kwenye mfumo. Ikibaki wazi, kwa vitabu vyao mali bado iko nje, na muda ukiisha wewe ndiwe utakayetafutwa.